Baba mdogo ameng'oa masale ya kihamba cha mama. Haya mashirika ya msaada wa kisheria wa bure yanasaidia kweli au ni semina tu?

SakinaKwaIddi:

Wakuu, habari za jioni. Mimi naishi Arusha, nyumbani ni Marangu.

Mzee wetu alifariki akamwacha mama kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, alichopewa na babu. Baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo wakati mama yuko kwao Rombo kwenye msiba mwingine, muhtasari ukaandikwa, akaenda Mahakama ya Mwanzo akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Sisi watoto tulikuja kujua baadaye, tena kwa jirani. Tukanyamaza. Ni baba yetu, na kwetu mtu anafikiria mara mia kabla ya kumpeleka baba mahakamani.

Sasa mwezi huu kaja na mafundi. Wameng'oa masale, ile mimea tunayopandia mipaka, ya upande wa chini, kule kwenye migomba, wakasimika bikoni za zege zilizopakwa rangi nyekundu. Mangi yeyote anayesoma hapa anajua kung'oa masale maana yake nini. Mama alipouliza akajibiwa kwamba yeye aliletwa pale kuolewa, hakuja na shamba mgongoni. Inasemekana mnunuzi ameshapatikana.

Nimeambiwa kuna mashirika ya haki za binadamu yanatoa msaada wa kisheria bure. Lakini wengine wanasema ni kwa wanawake waliopigwa na waume zao tu. Halafu pale nje ya mahakama kuna kijana, kavaa tai kabisa, anataka laki moja na nusu "ya kufungulia faili la msaada". Na wazee wa nyumbani wanasisitiza twende Baraza la Kata. Nimeshindwa kujua nianzie mlango gani. Naomba kuwasilisha.

KahawaChungu:

Pole sana mkuu. Ushauri wangu: uza hata ng'ombe utafute wakili wa kulipa. Hayo mashirika nayajua, fulana, kofia na semina za hotelini. Ukipeleka kesi yako unaambiwa "tutakupigia". Wanapenda kesi inayopiga picha vizuri.

MamaPasua:

Mwanangu wa Sakina, pole. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Moshi, nimeifanya kazi hii tangu hata haijatambuliwa na sheria yoyote, tulipokuwa tunafukuzwa mahakamani kama wapiga debe. Nitakujibu kwa kirefu, nivumilie.

Kwanza huyo kijana wa tai. Huyo ni kishoka. Tangu itungwe Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria tunatambulika na tunasajiliwa, na haturuhusiwi kumtoza mteja. Akikuomba hata elfu tano ya "faili", ondoka. Kinachoweza kukugharimu ni ada ya mahakama, kurudufisha nyaraka na nauli, na hata hiyo ada ya mahakama unaweza kuomba usamehewe ukionyesha huna uwezo. Ndiyo maana ukija kwetu tutakuomba barua ya mtendaji wa kijiji. Si usumbufu. Msaada huu umewekewa watu wasio na uwezo, na mtu wa kulithibitisha hilo ni anayekufahamu.

Pili, Baraza la Kata. Wazee wako wanakumbuka zamani. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu kwenye ardhi, linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini kwako hata hilo si mlango. Hili shauri lako ni la mirathi. Msimamizi ameshateuliwa na mahakama, na mali ya marehemu iko mikononi mwake mpaka mirathi ifungwe. Ukienda barazani utaulizwa, "Wewe ni msimamizi?" Utasema hapana. Utarudishwa, na miezi imeshakwenda, na bikoni zimeshaota kuvu.

Hapa ndipo nataka nimjibu KahawaChungu, kwa sababu amesema wanavyosema wengi. Ni kweli kuna semina. Fulana zipo, hata mimi ninayo, nalimia. Lakini watu wanadhani msaada wa kisheria ni wakili kusimama mahakamani na kupaza sauti. Asilimia kubwa ya kazi yetu haifiki huko. Kazi ni kumwambia mtu mlango wake ni upi kabla siku hazijaisha. Mtu kafukuzwa kazi hotelini, anabembeleza meneja miezi mitatu, kumbe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi alikuwa na siku 30. Mtu kashindwa Mahakama ya Mwanzo, anasubiri "hali itulie" ndipo akate rufaa Wilayani, nako ni siku 30. Haki walikuwa nayo wote wawili. Ilikufa kwenye kalenda.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Mama anakuja na mfuko wa Rambo. Ndani kuna kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana mke, kadi ya mchango wa harusi, risiti za mabati zilizofifia, cheti cha ndoa cha kanisani kimekunjwa mara nne mpaka kimekatika kwenye mikunjo, na muhtasari wa kikao ambao hajui umeandikwa nini. Tunavitandaza vyote juu ya meza. Ile risiti ya mabati anataka kuitupa, namwambia mama, hiyo iache. Inaonyesha nyumba iliezekwa mwaka gani, na mlikuwa mmeshaoana. Halafu anaanza kusimulia, na anaanzia kwenye posa. Namwacha. Nikimkatisha atasahau lile jambo moja ambalo hakimu angelitaka. Akimaliza ndipo tunaandika karatasi moja tu: nani, lini, nini, nani aliona. Wapo waliokaa na mgogoro miaka na hawajawahi kuwa na hiyo karatasi moja.

Sasa wewe, fanya hivi.

Nenda pale mahakamani na mama, muombe karani namba ya shauri la mirathi, muombe kupekua jalada. Ninyi ni warithi, mna maslahi. Angalia muhtasari wa kikao: majina ya waliohudhuria na sahihi zao. Nimewahi kuona muhtasari ambao mjane "amesaini" siku aliyokuwa amelazwa. Kama jina la mama yako limo, na siku hiyo alikuwa msibani Rombo, una jambo zito mkononi.

Angalia kama kuna fomu namba 5 na namba 6. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne tangu ateuliwe awasilishe orodha ya mali na madeni, na hesabu ya alivyogawa, labda mahakama imwongezee muda. Nina hakika hazimo. Huwa hazimo. Watu wakishapata ile karatasi ya usimamizi wanaona wamepata hati ya shamba.

Hilo nalo tulielewe vizuri. Kusimamia si kurithi. Msimamizi ni mtumishi wa warithi, anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudi kwa hakimu kusema nimemaliza. Hata zile sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo zinamnyima mjane urithi wa ukoo na kumwambia atunzwe na watoto wake, hata hizo haziwezi kumruka mtoto zikampa ndugu wa marehemu. Kwa hiyo baba yako mdogo, hata tukimpa mila yote anayoitaka, hana pa kusimama. Na huko kumwambia mjane "hukuja na shamba" kulishapitwa: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Na zile sheria za 1963, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, iliiambia serikali yetu mwaka 2015 kwamba zinakiuka haki za wajane na zirekebishwe.

Huku mnapekua jalada, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mwenyekiti, kwamba kihamba kina mgogoro wa mirathi. Ardhi ya kijiji haihami kutoka mkono hadi mkono bila Halmashauri ya Kijiji kuridhia. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa mapokezi na tarehe. Bila muhuri umeandika shajara.

Kuhusu wapi pa kwenda: kama mama yuko Marangu, Moshi kuna KWIECO, wamejikita kwenye wanawake na wamezoea kesi za vihamba. Wewe uliyeko Arusha, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, hao LHRC walioanza mwaka 1995, wana ofisi hapo Arusha, na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, nao wapo. Na ndiyo, wanaume wanapokelewa. Foleni yetu ina wanaume wengi kuliko mnavyofikiri, hasa wa mishahara.

Shirika litaanza pengine kwa kumwandikia baba yako mdogo barua ya wito aje kwenye usuluhishi. Haina nguvu ya kumkamata mtu, lakini barua yenye nembo ikipita kwa mwenyekiti wa kitongoji watu hunyooka ghafla. Mimi usuluhishi naupenda kwa ndugu, maana mtazikana. Ila akiahirisha mara mbili bila sababu, mwambie ofisa wako muendelee mahakamani. Kuna wajanja wanatumia usuluhishi kununua muda wa kuuza.

NjiroKwaMsola:

Mama Pasua kamaliza karibu kila kitu, shikamoo mama. Mimi ni wakili, niongezee machache.

Swali la kwanza atakaloulizwa mleta mada ni marehemu aliishi maisha ya namna gani. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au Uislamu. Kama mzee alikuwa Mkristo aliyeacha kabisa mambo ya mila, unaweza kuhoji kama shauri lilifunguliwa mahakama sahihi. Sishauri uanze na hilo, lakini mwanasheria wako ajue.

Pili, kinachoombwa hapa ni kutengua uteuzi wa msimamizi, na kinaombwa mahakama ileile iliyomteua. Kughushi muhtasari au kuwaficha warithi ni sababu tosha ya kuomba. Tatu, nyumba na mibuni ambayo mama alijenga na kupanda na mumewe, jasho lake lihesabiwe mbali na urithi. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Ile ilikuwa talaka, si mirathi, ila hoja yake inatumika kujengea.

Na kwa KahawaChungu: kuna bwana mmoja, Alex Thomas, alikuwa anatumikia miaka 30 gereza la Karanga hapohapo Moshi. Alihukumiwa bila kuwa na wakili. Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, wenye ofisi Arusha, walimsimamia kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na Novemba 2015 mahakama ikasema Tanzania ilimnyima haki kwa kutompa msaada wa kisheria. Hiyo si semina ya hotelini. Kinachonikera ni kwamba mahakama yenyewe iko hapa Arusha, lakini tangu serikali ijitoe mwaka 2019 kwenye lile tamko lililowaruhusu watu kuishtaki pale wenyewe, raia wa kawaida hawezi tena kupeleka kesi mpya pale moja kwa moja. Daladala inakupitisha mlangoni, wewe endelea na safari.

KahawaChungu:

Sawa wakili, hiyo ya Karanga nilikuwa siijui. Fulana lakini zipo.

SakinaKwaIddi:

Asanteni sana, shikamoo Mama Pasua. Nimempigia mama, anasema jina lake halimo kwenye muhtasari, ila la dada yangu limo, na dada yuko Mwanza miaka yote hii. Swali la mwisho: mama anaogopa kwamba baba mdogo atafungwa, na anasema hataki mtu wa ukoo afungwe kwa ajili ya migomba. Nimwambie nini?

MamaPasua:

Marahaba mwanangu. Mwambie kutengua usimamizi si jinai, ni kumnyang'anya mtu kazi aliyoshindwa. Sahihi ya kughushi inaweza kuwa jinai, ndiyo, lakini kwenda polisi ni uamuzi mwingine, na msiuharakishe wala msiutumie kumtishia. Dada yako aandike hati ya kiapo hukohuko Mwanza kwamba hakuhudhuria na hakusaini, aithibitishe kwa kamishna wa viapo, aitume na basi, nakala abaki nayo.

Mkienda ofisini, mama aje mwenyewe. Wateja wangu wengi wanatumwa watoto, halafu mtoto hajui babu alikabidhi kihamba mbele ya nani. Hao mashahidi wa babu kama wapo hai, anza kuwatafuta leo, wana umri mkubwa.