Kubadilisha aina za taka kidogo tu kunageuza majibu ya tathmini, ni kawaida?

mpima_taka:
Wakuu habari zenu. Nafanya tathmini ya athari kwa mazingira, nalinganisha dampo, tanuri la kuchomea na mboji kwa tani 1 ya taka za majumbani. Mchanganyiko wa taka nilitoa kwenye ripoti ya mji mwingine, nikajaribu kuongeza mabaki ya chakula na kupunguza plastiki kidogo, tanuri lililokuwa la mwisho kwa ubora likapanda likalipita dampo. Hii kawaida au modeli ina shida?

kijani_kibichi:
Kawaida kabisa mkuu. Plastiki ukiifukia inakaa tu, haiozi, gesi haitoi, lakini ukichoma kilo 1 ya polithini (plastiki ya mifuko) unapata kama kilo 3.1 za kaboni dayoksaidi iliyotoka kwenye mafuta ya ardhini. Chakula ni kinyume, kaboni yake mmea uliivuta hewani juzi juzi tu kwa hiyo modeli nyingi zikiona kimechomwa zinaweka sifuri, ila kikifukiwa pasipo hewa kinatoa gesi ya methani, na hiyo kwa miaka 100 inapasha joto kama mara 28 ya kaboni dayoksaidi. Yaani umegusa pande mbili za mzani kwa mpigo mmoja.

Fundi wa Tanuri:
Ongeza na unyevu hapo, watu wanausahau sana. Mabaki ya chakula robo tatu hivi ni maji, joto linaishia kuyakausha, umeme ambao tanuri linazalisha unashuka, na ile nafuu unayohesabu kwa kuokoa umeme wa gridi inapungua. Cheki kama nishati inabadilika ukibadilisha mchanganyiko, kama imeganda kwenye namba moja hayo majibu usiyaamini.

mpima_taka:
Inabadilika, hapo pako sawa. Sasa nikienda kupima mwenyewe, nichukue sampuli dampo au majumbani?

kijani_kibichi:
Majumbani, tafadhali! Hadi taka zifike dampo waokotaji washatoa makopo na chupa, na alumini hata ikiwa kidogo kwa uzito ina maana kubwa, kuirejeleza kunaokoa kama asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza upya toka kwenye madini. Pima msimu wa mvua na wa kiangazi, mitaa ya kipato tofauti, na betri zitenge hata zikiwa chache maana metali zake ndo zinasumbua upande wa sumu. Halafu kwenye ripoti usiweke wastani peke yake, onyesha ni asilimia ngapi ya chakula au plastiki inayofanya dampo na tanuri vibadilishane nafasi, wanaofanya maamuzi wanaihitaji hiyo kuliko namba nyingine yoyote.