Kipusa kafanyiwa operesheni ya dharura, nadaiwa 480,000. Nianzie wapi?

Fundi_Goba

Habari zenu wakuu. Naandika saa hizi sababu usingizi umekata, na hapa nyumbani sina wa kumwambia akanielewa.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Goba. Mbwa wangu ni jike, anaitwa Kipusa, wa kienyeji hawa hawa wetu, rangi ya chai ya maziwa. Nilimtoa mtaroni masika ya 2018, akiwa anaenea kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa. Sikio la kushoto limekatika ncha. Ni panga hilo. Wezi walivunja dirisha usiku wakitaka cherehani zangu mbili na ovaloki, Kipusa akawang'ang'ania mpaka majirani wakatoka. Hizo mashine ndizo zinazomsomesha binti yangu, yuko kidato cha pili, na baba yake alishatutangulia. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni mbwa tu" namsikia, ila mimi neno hilo halinitoki mdomoni.

Wiki kama tano baada ya kutoka kwenye joto, alianza kunywa maji sana. Bakuli ninalojaza asubuhi na jioni nikawa nalijaza mara sita. Nikadhani ni jua. Kisha akasusa chakula, hata ugali wa vichwa vya dagaa. Nikadhani minyoo, nikanunua dawa duka la mifugo, akaitapika. Hapo nilipoteza siku tatu, na zinaniuma mpaka leo. Ijumaa usiku nikamkuta sakafuni, tumbo limekaza, nikamfunua mdomo: fizi zimepauka kama kitambaa kilichochujuka. Alfajiri tukapanda bajaji, nimempakata, mkono uko juu ya mbavu zake nahesabu pumzi.

Daktari alimpima kwa ultrasaundi, akanionyesha kwenye skrini mabomba meusi yamepangana tumboni. Mji wa mimba umejaa usaha, mlango umefunga, hautoki nje. Akasema tukingoja Jumatatu hatutakuwa naye. Baada ya operesheni akanitolea kile kitu kwenye beseni la chuma, kimevimba kama utumbo wa ng'ombe, akakiweka kwenye mizani: kilo moja na robo tatu. Mbwa mwenyewe ana kilo kumi na nane.

Hesabu ikaja hivi: ultrasaundi 40,000, damu 50,000, operesheni 420,000, kulazwa usiku tatu 90,000, dripu na dawa 80,000. Jumla 680,000. Nimelipa 200,000, nimepewa hadi mwisho wa mwezi.

Sasa kinachonikosesha usingizi. Katika hiyo 200,000, elfu sabini tu ndiyo yangu. 130,000 ni ya kwaya, walinipa ninunue vitambaa vya sare. Sijawahi kugusa hela ya mteja tangu nianze kushona.

Shemeji kasema nimechanganyikiwa. Kuna programu za simu zinanitumia ujumbe kwamba naweza kupata laki tano kwa dakika tano. Moja nimeshajaza fomu, nimebakiza kubonyeza. Mliowahi kupita hapa mlifanyaje?

KimaraMwisho

Pole sana dada. Usibonyeze. Nakuomba kama ndugu yako.

Mimi nilikopa laki tatu kwenye mojawapo ya hizo kausha damu, mbwa wangu aligongwa na gari akavunjika mguu wa nyuma. Iliingia laki mbili na kitu, makato wanayajua wenyewe, na marejesho yakaanza baada ya siku saba. Siku ya nane walimpigia bosi wangu, na mama mkwe, na mtu niliyemuuzia kitanda mwaka juzi, sababu ile programu ukiikubalia inachukua majina yote ya kwenye simu. Mbwa alipona mguu mwezi wa pili, mimi deni nililimaliza mwezi wa saba. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 za hao wakopeshaji wa mtandaoni wasio na leseni. Tafuta hiyo orodha kwanza, halafu uifute hiyo kitu kwenye simu yako.

MgangaWaMifugo

Pole fundi, na hongera kwa kumfikisha. Mimi nipo kwenye kazi hii, nimeona wengi wakiletwa siku moja baadaye.

Ugonjwa wenyewe ni payometra. Huwapata majike wasiofungwa kizazi, kwa kawaida wiki chache baada ya joto, kama ulivyoeleza. Yale maji mengi ndiyo ilikuwa dalili: sumu ya bakteria inafanya figo zishindwe kushika maji, mnyama anakojoa sana, anakunywa sana. Wengi hudhani joto la hewa, kwa hiyo zile siku tatu usijisulubu nazo. Mlango wa mji wa mimba ukifunga ndiyo hatari zaidi, maana mwenye mbwa haoni usaha wowote. Antibayotiki peke yake mara nyingi haitoshi, usaha unabaki pale pale. Operesheni ndiyo dawa.

Nikuulize, aliwahi kuchomwa sindano ya kuzuia mimba? Watu wanawachoma mbwa zile za uzazi wa mpango za wanawake ili wasishike mimba. Homoni ile inaongeza hatari ya ugonjwa huu. Nasema kwa wengine wanaosoma: kufunga kizazi mbwa akiwa mzima ni kazi ndogo na gharama yake iko chini sana kuliko hii. Walio karibu na Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, wanafanya.

Kwa sasa mmalizie dozi hata akichangamka, asiruke wala kukimbia hadi nyuzi zitoke, siku kumi hadi kumi na nne. Na usimpe diklofenaki wala dawa yoyote ya maumivu ya nyumbani, inatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Asilambe mshono kabisa.

Fundi_Goba

Ahsante sana daktari. Ndiyo, alichomwa mara mbili. Jirani alinielekeza, nikaona nafanya jambo jema.

Kulamba nimeshamzuia. Ile kola ya plastiki ilimtisha, akawa anagonga miguu ya meza, basi nikachukua fulana ya mtumba nikamkatia gauni la miguu minne, nikaweka vifungo vya kubana mgongoni ili afunguliwe nyuma akienda haja. Nimemkagua mshono ule wa daktari. Nyuzi nane nyeusi, kila moja imefungwa fundo lake peke yake, nafasi sawasawa. Hata mimi ningefungia hivyo, moja ikikatika zingine zinabaki.

BiMkubwaMoshi

Mwanangu, pole. Mbwa na deni la daktari vingoje kwanza, kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa kwaya. Usisubiri aulize vitambaa viko wapi. Nenda na daftari lako, mwambie nilitumia, nilitumia kwa sababu hii, na hela ya ufundi mtakayonilipa nikimaliza, kateni 130,000 mkanunue vitambaa, mimi nitashona. Hapo hakuna aliyepoteza. Nimekuwa mweka hazina wa kikoba miaka kumi na moja, na hao tuliogombana nao walikuwa wale waliojificha. Aliyekuja mwenyewe tulikaa naye tukapanga.

Pia kama unacheza mchezo, muombe kijumbe akubadilishie zamu na mwenzako.

Na hilo gauni la mbwa umelionyesha kwa huyo daktari?

MzeeWaNgaramtoni

Binti yangu, mimi nilifanya lile jingine. 2019, dume langu tumbo lilijipinda usiku, likajaa hewa. Daktari, kijana wa watu, akanitajia gharama, na mwezi ule nilikuwa na mke hospitali. Nikamwambia amchome alale. Nilimshika kichwa mpaka mwisho. Nilimpenda kama wewe unavyompenda huyo wako, hela ndiyo haikuwepo. Nasema hivi kwa wale watakaosoma hapa na hawana hata hiyo 200,000 ya kuanzia. Wasihukumiwe. Na wewe usihukumiwe kwa kulipa.

Fundi_Goba

Shikamoo Mzee wangu, shikamoo Bi Mkubwa. Nimechelewa kurudi, nilikuwa nashona.

Kwa mwenyekiti nilikwenda Jumanne, magoti yanagonga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza Kipusa anaendeleaje, akakubali wakate kwenye ufundi. Kijumbe kanibadilishia zamu na muuza chapati wa jirani, napokea 300,000 tarehe ishirini na tano.

Gauni nililipeleka kwa daktari siku ya kutoa nyuzi. Alilivuta huku na huku, akaangalia upindo, akaniambia watu wengi wanavua kola nyumbani na mshono unaachia. Kaagiza kumi na tano za saizi tatu, elfu nane kila moja, tunakata kwenye deni. Zinabaki elfu sitini, hizo nazimudu kwa suruali za shule tu.

Ile programu nimeifuta.

Kipusa yuko chini ya meza ya ovaloki hapa, kalalia mabaki ya fulana. Bakuli la maji nililijaza asubuhi. Sasa hivi ni saa mbili usiku, nimelitazama, bado liko nusu.