Ushauri: mdogo wangu yuko Bangkok, ripoti yake ya siku 90 imekataliwa mtandaoni

SinzaMori:
Wakuu, habari za mchana. Mdogo wangu wa kike anasoma Bangkok, aliingia 10 Januari 2026 kwa viza ya masomo. Wenzake wamemwambia kila mgeni akifikisha siku 90 lazima aripoti uhamiaji mahali anapoishi. Juzi kajaza fomu mtandaoni, leo imerudi imekataliwa. Mwezi uliopita alihama hosteli, sasa yuko chumba cha kupanga. Mimi nipo Dar, ananipigia kila saa. Ajaze tena au aende ofisini? Siku ya mwisho ni lini hasa? Na akichelewa, faini shilingi ngapi?

Kikaratasi47:
Tuanze na hesabu, maana ndipo wengi wanapochemka. Siku 90 si miezi mitatu. Siku aliyotua ni ya kwanza: Januari anapata 22, Februari 28, Machi 31, jumla 81. Siku ya 90 inaangukia 9 Aprili. Anayehesabu mwezi kwa mwezi atakwambia tarehe 10.

Kuripoti ofisini kunaruhusiwa kuanzia siku 15 kabla mpaka siku 7 baada, yaani 25 Machi hadi 16 Aprili. Ila asizitegemee hizo 7. Tarehe 9 ni Alhamisi, 11 na 12 ni wikiendi, 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka mpya wao, ofisi zimefungwa na mji mzima unamwagiana maji. Baada ya tarehe 10 inabaki 16 peke yake, na foleni ya siku hiyo mtaisikia mpaka Sinza. Tarehe 6 nayo ni sikukuu.

Kukataliwa mtandaoni kusimtishe. Ripoti ya kwanza kwa kawaida hufanywa ana kwa ana. Mtandao unakubali zinazofuata. Akibadilisha pasipoti mambo yanarudi palepale: kwanza ofisini, kisha mtandaoni.

Sababu nyingine ni hilo la kuhama. Mwenye nyumba anatakiwa aandikishe mgeni ndani ya saa 24 kwa fomu TM.30. Hiyo ni tofauti na TM.47, fomu ya ripoti ya siku 90, ambayo mgeni anajaza mwenyewe. Kama mwenye nyumba mpya hajaandikisha, kumbukumbu za uhamiaji bado zinamwonyesha hosteli, na anwani aliyojaza haitalingana. Amdai risiti ya TM.30 leo, asisubiri wikiendi.

Kuripoti ni bure. Akichelewa na akajipeleka mwenyewe, faini ni baht 2,000. Zidisha kwa bei ya siku ya duka la kubadilishia fedha.

Mzee_wa_Mihuri:
Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, lakini kuna kitu hatujauliza. Mwambie afungue pasipoti kwenye muhuri wa kuingilia. Kuna tarehe mbili: ya kuingia, na ya mwisho aliyoruhusiwa kukaa. Hiyo ya pili inasemaje?

SinzaMori:
Ametuma picha. Ya juu 10 Januari 2026, ya chini 9 Aprili 2026.

Mzee_wa_Mihuri:
Nilihisi. Viza ya masomo ya kuingia mara moja humpa mtu siku 90 za kukaa, kwa hiyo tarehe zote mbili zimeangukia siku moja, na watu wanadhani ni jambo moja. Zile siku 7 za nyongeza ni za ripoti ya anwani. Kibali cha kukaa hakina nyongeza hata ya siku moja. Akienda tarehe 16 akidhani yuko ndani ya muda, atakuwa amezidisha siku 7, na kila siku ni baht 500. Deni linapanda mpaka kikomo cha baht 20,000. Na hapo ni kwa anayejisalimisha. Anayekamatwa barabarani anazuiwa kurudi nchini humo kwa miaka.

Kwa hiyo asahau TM.47 kwa sasa. Aende kuongeza muda kwa fomu TM.7, ada baht 1,900 taslimu, na ada hairudishwi hata akikataliwa. Abebe barua ya chuo inayothibitisha usajili wake (chuo ndicho huchelewesha, aiombe leo), picha ya sentimita 4 kwa 6, risiti ya TM.30, na nakala za ukurasa wa picha, viza na muhuri wa kuingilia. Kila nakala aitie sahihi.

Uzuri wake: ombi la kwanza la kuongeza muda linahesabiwa pia kuwa ripoti ya kwanza ya siku 90. Safari moja, mambo mawili. Asiondoke mezani kabla ya kuuliza tarehe ya ripoti ijayo. Kikaratasi kinachobanwa kwa pini ndani ya pasipoti kikiwa na mwaka 2569, asishtuke. Ni kalenda ya Kibudha, atoe 543.

Kikaratasi47:
Umenisahihisha mkuu, hilo la muhuri nililiruka. Niongeze moja la majina, kwa ripoti zijazo za mtandaoni. Sisi tuna majina matatu na fomu inayagawa. Atazame mistari miwili ya herufi chini ya ukurasa wa picha: kilichotangulia alama << ni jina la ukoo, vinavyofuata ni majina mengine. Ajaze kwa mgawanyo huohuo, si kama cheti cha shule kinavyosema. Na mtandaoni siku 7 za baadaye hazipo, awahi.

SinzaMori:
Mungu awabariki. Kesho anaamkia ofisi ya uhamiaji ya Chaeng Watthana, Jengo B. Swali la mwisho: Juni anataka kuja likizo, hiyo nyongeza itamsubiri?

Mzee_wa_Mihuri:
Haimsubiri. Akitoka bila kibali cha kurudi, nyongeza yote inakufa pale uwanja wa ndege na anaanza viza upya. Ajaze TM.8 kabla ya kusafiri: baht 1,000 kurudi mara moja, 3,800 mara nyingi. Akirudi, siku 90 zinaanza kuhesabiwa upya kutoka siku anayotua, kile kikaratasi cha zamani hakina kazi tena. Na ndani ya siku 3 kabla ya kufika ajaze kadi ya kuingilia ya kidijitali, TDAC. Ni bure, tovuti ikimdai pesa, afunge.

Kesho ukitaka kumpigia, ofisi inafungua saa 2:30 asubuhi ya kule, huku ni saa 10:30 alfajiri. Ikifika saa 6:30 mchana Dar, wao wameshafunga.

SinzaMori:
Nimetega kengele saa 10.