Mrejesho: Maji ya ngama yalikotoka

Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu mashua yangu ya matanga, iliyokuwa ikikusanya karibu ndoo moja ya maji katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, kila wiki ingawa ilikuwa imefungwa tu gatini. Nawashukuru wote mlionijibu, hasa aliyenihimiza niyaonje maji kabla ya kugusa chochote. Nilidhani ni mzaha, lakini yalikuwa na chumvi, kwa hiyo nikaacha kulishuku tangi la maji ya kunywa.

Nilifua maji yote, nikakausha ngama kwa matambara, kisha nikatandika karatasi za shashi chini ya kila vali, kando ya boliti za mkuku (uti wa chini wa mashua) na pale shafti ya rafadha inayoisukuma mashua inapotokea nje. Asubuhi iliyofuata ni karatasi ya shafti pekee iliyokuwa imelowa. Nilikaza nati ya kizibo kinachozuia maji kuingia kando ya shafti, kidogo kidogo, huku nikikigusa mara kwa mara injini ikizunguka, kwa kuwa kikibanwa mno hupata moto na kuiharibu shafti. Sasa mashua ikitulia hakidondoshi kitu. Injini ikizunguka hutoa matone machache, jambo la kawaida kwa kizibo cha aina hii.

Silikoni niliyopaka kuzunguka vali kwa ushauri mwingine haikusaidia lolote, na kuibandua kulinigharimu siku nzima.

Hata hivyo, baada ya mvua kubwa bado nakuta kiasi cha kikombe kimoja, safari hii maji yasiyo na chumvi. Nashuku kitako cha nguzo mojawapo ya reli ya sitaha, ambacho bado sijakifungua.