Naomba ushauri: kufuatilia mababu Wahugenoti kupitia madaftari ya washarika

Chemchemi_Eld
Habari zenu wadau. Naomba mwongozo kwa wanaozijua nasaba za Afrika Kusini. Ukoo ninaoufuatilia ni Viljoen, tawi lililofika Uasin Gishu na Makaburu wa mwaka 1908. Kilichopo mkononi ni kurasa mbili za Biblia ya Kiholanzi zenye orodha ya waliozaliwa kuanzia 1841, pamoja na kauli ya wazee kwamba babu wa kwanza alikuja na meli ya Wahugenoti, yaani wakimbizi Waprotestanti wa Ufaransa, mwaka 1688. Mtandaoni miti ya ukoo imejaa, ila kila mti una baba wake. Nataka ushahidi. Madaftari ya washarika yanasaidia vipi, na mtu asiyejua Kiholanzi anayasomaje?

Karani_wa_Kale
Karibu ndugu. 1688 iweke kando kwanza, ishike 1841. Kazi hii hurudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na kila mtoto anaungwa na wazazi wake kwa maandishi mawili yasiyotoka mkono mmoja.

Ukurasa wa Biblia ni andiko moja, tena lichunguze. Ikiwa majina ya miaka ishirini yana wino uleule na mwandiko uleule, yaliandikwa siku moja kwa kukumbuka. Fungua pia ukurasa wa mbele uone Biblia ilichapwa mwaka gani. Tukio lililotangulia mwaka huo halikuandikwa humo siku lilipotokea.

Andiko la pili litafute kwenye taarifa ya kifo. Koloni la Rasi (Cape, kusini mwa Afrika Kusini) lina fomu hizi tangu 1834: jina kamili la marehemu, alikozaliwa, baba na mama, mume au mke, watoto. Aliyezaliwa 1841 huenda alifia Transvaal au Free State, majimbo ya Makaburu ya bara, kwa hiyo usiishie Cape Town. Faharasa ya hifadhi za taifa ya Afrika Kusini, NAAIRS, inatafutika mtandaoni. Faili za mirathi za Rasi zina alama ya MOOC, za Transvaal na Free State zina MHG. Ukiipata fomu, tazama nani katia saini chini. Mjane huwajua watoto wake, lakini majina ya wakwe waliokufa kabla hajaolewa huyakosea mara nyingi. Jirani ndiye hukosea zaidi.

Na hili huwapoteza wengi: kwenye karatasi za Kiholanzi mwanamke hubaki na jina la ukoo aliozaliwa hata akiolewa mara tatu. Mke wa Viljoen usimtafute kwa jina la Viljoen.

Msharika_Mtafiti
Nijibu hilo la madaftari ya washarika, maana ndipo penye utajiri, na watu hulipita wakakimbilia ubatizo. Ubatizo unakupa mtoto, wazazi, tarehe na mashahidi. Wazazi walitoka wapi, haukuambii. Daftari la washarika, lililoandikwa juu *lidmaten*, ndilo linalosema.

Msharika akihama leo kutoka Moshi kwenda Mwanza hubeba barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wake. Makanisa ya Kireformati ya karne ya 17 yalifanya vivyo hivyo, kwa ukali zaidi, kwani mgeni asiye na barua hakupokelewa Meza ya Bwana mpaka wazee wa kanisa wamhoji. Barua hiyo kwa Kiholanzi ni *attestatie*, kwa Kifaransa *témoignage*. Ndiyo maana mbele ya jina utakuta moja kati ya mambo mawili. *Met attestatie van*, likifuatwa na jina la mahali, maana yake amekuja na barua kutoka huko, na huko ndiko utakakofungua daftari linalofuata. *Op belijdenis* maana yake amekiri imani papo hapo. Huyo kwa kawaida ni kijana wa miaka kama 17 hadi 20 na kitu aliyekulia karibu, kwa hiyo rudi nyuma miaka hiyo kwenye ubatizo wa usharika uleule au usharika mama, yaani ule wa zamani uliozaa huo. Pembeni, kwa wino mwingine, huongezwa *vertrokken*, kahama, au *overleden*, kafariki.

Watoto hawamo kabisa, na mtu mzima ambaye hakukiri imani hayumo pia. Kutomwona mtu humo si ushahidi kwamba hakuishi hapo.

Usharika mama ni jambo la kushika sana. Cape Town ina ubatizo kuanzia 1665, na usharika wa Stellenbosch ulianzishwa 1686. Drakenstein, walikokaa Wafaransa wengi, ulianzishwa 1691, lakini daftari lake la ubatizo linaanza 1694. Watoto wa kabla ya hapo wako Stellenbosch au Cape Town. Kisha Roodezand, ambayo leo ni Tulbagh, 1743, Swartland 1745, Graaff-Reinet 1792. Familia iliyokuwa inasogea ndani na ng'ombe wake ilisafiri siku nyingi kwa gari la maksai hadi kanisani, ikabatiza watoto watatu siku moja. Ukikuta ndugu watatu tarehe moja usidhani ni mapacha, na tarehe ya ubatizo usiigeuze kuwa ya kuzaliwa.

Picha za madaftari haya ziko kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch bila malipo, ingawa baadhi hufunguka ukiwa kwenye kituo chao tu. Nakala zilizochapwa upya na wanaojitolea wa eGGSA, chama cha nasaba cha Afrika Kusini cha mtandaoni, zitumie kama faharasa, halafu lazima uitazame picha yenyewe.

Bi_Tunu
Chemchemi, kuhusu Viljoen wenyewe: shina ni François Villion, mtengenezaji wa magari ya kukokotwa, na alikuwa Rasi tangu miaka ya 1670. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, Oktoba 1685, na meli za wakimbizi kama Voorschoten na Oosterland zilifika 1688. Kwa hiyo ukimtafuta Villion kwenye orodha za meli hizo utapoteza mwezi mzima. Mwanzo wake utafute madaftari ya Cape Town.

Ila wazee wasidharauliwe. Henning, mwana wa Villion, alimwoa Marguerite-Thérèse de Savoye, mjane, binti wa Jacques de Savoye aliyekuja na Oosterland 1688. Kama tawi lenu linatoka kwa Henning na mama huyo, meli ya 1688 imo kwenye ukoo, ila kupitia kwa bibi. Fuata pia wanawake. Kwenye nasaba za Rasi ndiko damu ya Wahugenoti ilikosambaa.

Majina karani aliyaandika kama alivyoyasikia: Villion ikawa Viljoen, Cronier ikawa Cronje, Retif ikawa Retief, Mesnard ikawa Minnaar. Tafuta kwa V na kwa F, kwa i na kwa j. Na neno *van de Caab* si jina la ukoo, maana yake ni mzaliwa wa Rasi, na mara nyingi huashiria mtumwa au mtoto wa mtumwa. Miti mingi ya mtandaoni huwaficha mababu hao. Usiwafiche, ni mababu kama wengine.

Msharika_Mtafiti
Bi Tunu kasema kweli. Kwa mistari ya 1688, ukishafika kwa aliyeshuka melini, hatua inayofuata ni Uholanzi kabla ya Ufaransa, kwa sababu wengi walipitia makanisa ya Kiwaloni ya huko, yaani ya Kireformati yanayotumia Kifaransa. Kadi za makanisa hayo zilizokusanywa Leiden zina ubatizo, ndoa na mapokezi ya washarika, na FamilySearch inazo. Hifadhi ya Middelburg iliteketea Mei 1940, hivyo chochote kilichonakiliwa kabla ya hapo ni dhahabu.

Humo utakuta neno *reconnaissance*. Ni mtu aliyelazimishwa kuukana Uprotestanti Ufaransa, akafika Uholanzi, akatubu mbele ya kusanyiko. Hana barua, na sababu iko wazi: mahekalu (makanisa ya Waprotestanti) yalibomolewa na wachungaji walipewa siku 15 kuondoka nchini. Nani angeiandika? Kwa mtu wa namna hii rudi kwenye vitabu vya Kikatoliki vya kijiji chake, kwani baada ya 1685 ubatizo na ndoa za Waprotestanti ziliingizwa humo kwa nguvu.

Chemchemi_Eld
Asanteni sana. Nimefungua *lidmaten* ya Roodezand, nikaona mstari nadhani ni wa ukoo: "den 12 9ber", kisha "Hendrik Viljoen, Pz.", kisha "met att: van Drakensteijn". Ni tarehe 12 Septemba?

Karani_wa_Kale
Hapana, ni Novemba. 7ber ni Septemba, 8ber Oktoba, 9ber Novemba, Xber Desemba. Zinafuata Kilatini, si namba ya mwezi. Mwaka utaupata juu ya ukurasa au kurasa kadhaa nyuma. "Pz." ni *Pieterszoon*, mwana wa Pieter, na hiyo ndiyo hazina ya mstari wako, maana akina Hendrik Viljoen ni wengi.

Sasa fungua *lidmaten* ya Drakenstein. Mtafute Hendrik mwenye *vertrokken* pembeni, mwaka huohuo au mmoja nyuma, kwa kuwa barua ilikaa mfukoni miezi kabla ya kuwasilishwa. Ukimpata, tazama alipokelewaje hapo. Ikiwa ni *op belijdenis*, hesabu miaka 17 hadi 25 nyuma kwenye ubatizo, orodhesha kila Hendrik mwenye baba Pieter, na linganisha mashahidi. Mara nyingi mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wenye majina hayo husimama kama mashahidi. Wakibaki Hendrik wawili, usichague. Fuata watoto wa wote wawili mpaka mmoja akae nje ya orodha ya Biblia yako.

Bi_Tunu
Ukipiga picha ya ukurasa, chukua ukurasa mzima pamoja na wa kabla yake. Iweke hapa tuusome mwandiko pamoja. Karani mmoja akishafahamika jinsi anavyopinda s na h zake, kurasa zilizobaki husomeka haraka.