Mrejesho: Vidokezo kwenye gemu za mafumbo

Wakuu, niliuliza kama kusoma vidokezo kunaua utamu wa gemu, maana mimi na mdogo wangu hapa Ngamiani, Tanga, tulikwama kwenye Myst, ile ya mwaka 1993. Wengine mlisema tukomae, wengine tusome majibu tusonge mbele.

Tulikomaa, na fumbo la roketi limefunguka! Mle ndani kuna kinanda na vitelezi vitano. Kila kitelezi lazima kitoe noti yake sawasawa. Mdogo wangu anaimba kaswida madrasani, ana sikio kali. Alifumba macho, akapiga kinanda, akasogeza kitelezi taratibu mpaka sauti zikalingana. Kelele alizopiga, majirani walidhani Coastal wamefunga goli.

Ila mimi noti hizo sizitofautishi kabisa. Asiye na sikio la muziki akichukua kidokezo pale, simlaumu hata kidogo. Dalili zikiwa mbele ya macho yako, hapo komaa.

Asante sana aliyenielekeza kwenye vidokezo vya hatua kwa hatua. Infocom, kampuni ya gemu, walifanya hivyo miaka ya 1980: kijitabu chenye wino usioonekana, unapaka kalamu maalumu, mstari mmoja mmoja unajitokeza. Return to Monkey Island ya 2022 ina kitabu cha namna hiyo ndani ya gemu yenyewe. Tumekubaliana kufuata mtindo huo.

Sasa kwenye Myst tumo kwenye njia za chini ya ardhi, kila tukisimama kunatoka mlio. Naombeni kidokezo cha kwanza tu, jibu msitaje.