Kikundi cha ukoo: karatasi ya Tunu

Mama Tunu: Shkamooni wakubwa. Wifi upo? Tunu kaja na karatasi ya Kiingereza, 9 kwa 20, analia tangu mchana anasema hana akili, darasa la saba alikuwa anasoma vizuri tu kwa Kiswahili sasa form one kila kitu kizungu

Shangazi: Marahaba. Piga picha utume

Mama Tunu: [picha]

Mama Tunu: kaandika "My mother is a cooker" kapigwa kosa, kwani mi si ndo napika nauza pale stendi?

Shangazi: Cooker ni jiko wifi. Mpishi ni cook, haongezewi kitu. Ila mtoto kafikiri vizuri sana, kaona teach teacher, drive driver, akaona na cook itakuwa hivyohivyo. Cook yule mtu ndo neno la zamani, kitenzi kimetoka kwake, kwa hiyo mtu alishapata jina lake, cooker ilipokuja ikachukua kifaa

Mama Tunu: Nampa simu

Tunu hapa: shkamoo shangazi. Sa ntajuaje? Kiswahili unaweka m tu mbele unamaliza

Shangazi: Marahaba mwanangu. M tu? Haya pika, unasema mpiki?

Tunu hapa: mpishi

Shangazi: linda? iba?

Tunu hapa: mlinzi, mwizi

Shangazi: Ile k nani alikufundisha igeuke sh, na d na b ziwe z?

Tunu hapa: hakuna, nimezaliwa nimekuta

Shangazi: Na mtoto wa kizungu naye kakuta. We unaanzia njiani ndo maana unachoka, sio kwamba huna akili, usiseme tena hivyo

Mjomba: Namba 7 kaandika inpossible

Shangazi: Tunu itamke harakaharaka mara tatu, uangalie midomo

Tunu hapa: inafunga yenyewe kabla ya p 😮

Shangazi: Ndo n inageuka m, impossible. Nyumba -baya tunasema nbaya? Mbaya. Na -refu inakuwa ndefu, mdomo hautaki nrefu. Kwao in ikikutana na legal inakuwa illegal, ikikutana na regular irregular

Mjomba: mbona unpopular haigeuki dada

Shangazi: Swali zuri. Un ni ya kwao wenyewe, in ilitoka Kilatini na ilikuja imeshageukageuka hukohuko. Halafu hiyo un ina kazi mbili, kwenye sifa inakanusha, happy unhappy, kwenye kitenzi inarudisha nyuma, tie untie, lock unlock, yaani funga fungua, kunja kunjua. Tunu chukua daftari, huku ziba zibua za kwetu huku za kwao, si mmefundishwa viambishi kwenye Kiswahili? Ni mambo yaleyale

Mama Tunu: kashaacha kulia, yuko chini kwenye mkeka na daftari anaongea peke yake

Tunu hapa: shangazi nimefika 6. cover uncover = funika funua, pack unpack = funga mzigo fungua mzigo. eat uneat ipo?

Shangazi: We unaonaje?

Tunu hapa: haipo. Hata kula hakuna kulua, ukishakula umekula

Shangazi: Hiyo nayo iandike mwanangu, kwa maneno yako hayohayo. Kesho jioni nakupigia tufanye namba 8 mpaka 12